Mwandishi na Darasa Lake: Kazi ya Ualimu wa Chuo Kikuu katika Riwaya ya Kiswahili

Katika tasnifu nyingi za fasihi ya Kiswahili, sehemu inayohusu maisha ya mwandishi huwa fupi na hufuata mkondo uleule: kuzaliwa, shule, vitabu, tuzo. Kazi iliyompatia mwandishi riziki yake hutajwa mara moja, kisha haionekani tena katika sura za uchambuzi. Msomaji huelezwa kwamba Euphrase Kezilahabi alikuwa mhadhiri, na baada ya hapo riwaya zake husomwa kana kwamba ziliandikwa na mtu asiyekuwa na ratiba ya vipindi, rundo la mitihani ya kusahihisha, wala wanafunzi wa kuwasimamia.

Pengo hilo halikuwa na madhara makubwa mwandishi alipokuwa mtu wa ofisi nyingine kabisa. Shaaban Robert (1909–1962) alitumikia serikali ya kikoloni, kwa miaka mingi akiwa karani wa forodha, na hakuna anayedai kwamba daftari la forodha limeacha alama katika umbo la *Kusadikika*. Mohammed Said Abdulla alikuwa mhariri, na mhakiki akipenda anaweza kuona mkono wa mwanahabari katika mwendo wa *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), lakini si lazima. Tangu miaka ya 1970 hali ni nyingine. Sehemu kubwa ya waandishi wanaohakikiwa vyuoni wamelipwa mshahara na vyuo vyenyewe: Kezilahabi, Ebrahim Hussein, Penina Muhando Mlama, M. M. Mulokozi, K. K. Kahigi, Said Ahmed Mohamed, Kithaka wa Mberia, Kyallo Wadi Wamitila. Anayeandika, anayefundisha maandishi hayo na anayetahini uelewa wake wanakutana katika ukumbi mmoja, na mara nyingine ni mtu yuleyule. Kuiacha kazi hiyo nje ya uchambuzi ni kuacha nje sehemu ya matini.

Ikumbukwe pia kwamba wengi wa hawa hawakuajiriwa kuwafundisha watu kuandika. Waliajiriwa kufundisha kusoma: nadharia, historia ya fasihi, uhakiki. Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1967, ilikuwa na nafasi yake ya pekee, kwa kuwa tamthilia haiwezi kufundishwa bila kuchezwa, na anayeicheza huanza mapema kuirekebisha. Katika Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, riwaya na ushairi vilifika darasani vikiwa vitu vilivyokwisha kuandikwa. Mwalimu aliyekuwa pia mwandishi alilazimika kuishi na tofauti hiyo: asubuhi anafundisha namna ya kukifungua kitabu cha mwingine, usiku anafunga kitabu chake.

Maelezo mawili hutolewa kuhusu athari za maisha hayo. La kwanza ni la muda: kwamba ualimu wa chuo humla mwandishi. La pili ni la lugha: kwamba chuo humfanya mwandishi awe mgumu, aandikie wenzake, asahau umma. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili hayatoshi.

Hoja ya muda inajibiwa vizuri zaidi na maisha ya Ebrahim Hussein. Hussein aliandika *Kinjeketile* (1969) na *Mashetani* (1971) akiwa kijana wa chuo, kwanza kama mwanafunzi na kisha kama mwalimu. Alipata shahada ya uzamivu huko Berlin, kwa utafiti kuhusu maendeleo ya sanaa ya maonyesho Afrika Mashariki, akarejea kufundisha, akachapisha *Arusi* mwaka 1980. Katika miaka hiyo ya 1980 aliuacha uprofesa. Kama ni kweli kwamba darasa humwibia mwandishi muda, basi miaka iliyofuata ingekuwa miaka ya mavuno. Ilitoka *Kwenye Ukingo wa Thim* (1988), tamthilia nzito yenye asili katika kesi ya maziko iliyoitikisa Kenya mwaka 1987. Baada yake kimya kilikuwa kirefu kuliko maandishi. Haifai kumhukumu mtu kwa kimya chake, na sababu za Hussein ni zake mwenyewe. Kinachoonekana ni kwamba muda haukuwa ndio kitu pekee alichokuwa nacho chuoni. Alikuwa na jukwaa, waigizaji vijana, wasikilizaji waliokuwa tayari kubishana, na maswali ya siku yaliyokuwa yakiulizwa kwa sauti kubwa Mlimani kuliko popote pengine nchini. Mshahara ukiondoka, na hayo huondoka.

Hoja ya ugumu inahitaji kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa kuwa inamgusa Kezilahabi, na kwa Kezilahabi hukumu nyingi zimetolewa kwa haraka.

*Rosa Mistika* ilichapishwa mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata shahada yake ya kwanza. Ni riwaya ya mtu aliyetoka shuleni karibuni. Shule, bweni na chuo cha ualimu vimo ndani yake kama mahali panapoweza kutembelewa, na lugha yake ni nyepesi kiasi kwamba wakubwa waliona haja ya kuizuia isiwafikie wanafunzi. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kitabu kigumu hakipigwi marufuku shuleni, kwa kuwa hakuna anayehofia kwamba kitasomwa. Katika *Kichwamaji* (1974) msomi anakuwa mhusika mkuu. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani na kukuta kwamba elimu imemwachia maneno asiyoweza kuyasema kwa wazazi wake. *Gamba la Nyoka* (1979) inawarudisha wasomi kijijini wakati wa vijiji vya Ujamaa na kuwapima tena. Katika riwaya hizi zote chuo kikuu kinatazamwa kutoka nje, kwa jicho la kijiji cha Ukerewe alikozaliwa mwandishi, na msomi anasimuliwa kwa lugha ambayo asiyesoma naye anaielewa.

Kisha panakuja pengo la miaka 11. Mwandishi alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, akamaliza tasnifu yake ya uzamivu mwaka 1985. Ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ndani yake alikataa zana za uhakiki zinazomtenga mtazamaji na kinachotazamwa, akataka uhakiki unaoanzia katika uwepo wenyewe, katika visasili na miviga ambamo lugha haiwakilishi kitu bali inakifanya kiwepo. *Nagona* ilitoka mwaka 1990 na *Mzingile* mwaka 1991, zote mbili na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijiji hakipo tena. Kuna msafiri asiye na jina anayevuka nchi zisizo na ramani, anayekutana na wazee, na anayejibiwa maswali yake kwa maswali. Wanafalsafa wa Ulaya wanapita humo kama wakazi wa mji.

Maelezo yaliyozoeleka ya mgeuko huo ni ya kisiasa: Ujamaa ulishindwa, uhalisia uliokuwa umefungamana na ahadi zake nao ukakosa mashiko. Maelezo haya ni sahihi kwa kiasi chake, lakini hayafafanui umbo. Adam Shafi aliishi kuvunjika kwa ahadi kwa namna iliyokuwa kali zaidi, Zanzibar, na bado *Haini* (2003), riwaya ya gereza na mateso, imesimuliwa kwa uhalisia ulionyooka uleule wa *Kuli* (1979). Shafi alikuwa mwanahabari. Kukata tamaa peke yake hakumpi mtu umbo la *Nagona*. Ili kulipata, alihitaji pia miaka ya kusoma kwa mpangilio, ya kukaa katika semina, na ya kuandika mamia ya kurasa kuhusu swali moja.

Hapa ndipo kazi ya mwandishi inapokuwa jambo la kifasihi. Ukizisoma *Nagona* na *Mzingile* ukiwa na darasa akilini, mambo kadhaa yanayoitwa mafumbo yanapata sura ya kawaida kabisa. Msafiri anafika, anauliza, mzee hampi jibu bali anampa jambo la kulifikiri, msafiri anaondoka. Huo ni mwendo wa semina. Wanafalsafa wanaojitokeza ni wale ambao mwalimu yeyote wa nadharia hulazimika kuwataja kwa wanafunzi wake, apende asipende. Hata ufupi wa vitabu hivi, ambao umewashangaza baadhi ya wasomaji wa riwaya zake za kwanza, ni ufupi wa matini inayotarajia kusomwa zaidi ya mara moja na watu walioketi pamoja. Kezilahabi wa miaka ya 1970 alikuwa ameandika juu ya msomi. Kezilahabi wa mwaka 1990 aliandika kwa namna msomi anavyofanya kazi.

Ila pana jambo ambalo hoja ya ugumu hailioni. Tasnifu ya Madison iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi imesomwa kama tasnifu, yaani na wachache waliokuwa na njia ya kuipata. Riwaya mbili ziliandikwa kwa Kiswahili. Kwa mtazamo wa kazi ya chuo, mpangilio huu ni wa kawaida na wa kusikitisha: cheo kilipatikana kwa lugha moja, fikra ikaletwa nyumbani kwa lugha nyingine. Kudai kwamba *Nagona* inaukimbia umma ni kusahau kwamba mwandishi angeweza kuridhika na Kiingereza cha tasnifu na makala, ambavyo ndivyo vilivyohesabiwa. Alichagua kuliweka swali lake la uwepo na lugha katika Kiswahili, na kwa kufanya hivyo aliipa lugha hiyo kazi ambayo hakuna jarida lililomwomba aipe. Kama wasomaji walikuwa wachache, walikuwa wachache katika lugha iliyo yao.

Mgawanyiko huo wa lugha unaonekana waziwazi zaidi kwa Said Ahmed Mohamed, kwa sababu kwake umefika hadi kwenye jina. Riwaya, tamthilia, mashairi na hadithi fupi zimetoka kwa jina la Said Ahmed Mohamed. Makala mengi ya kitaaluma yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yakiwemo yale yanayochunguza sura mpya za riwaya ya Kiswahili, yametoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Mwanafunzi mgeni anaweza kumnukuu Khamis kuhusu riwaya ya kisasa bila kujua kwamba anamnukuu mmoja wa watunzi wake wakubwa. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Pemba mwaka 1947, alipata uzamivu wake Leipzig na kufundisha mbali na pwani yake, Osaka na Bayreuth miongoni mwa sehemu nyingine. Maisha yake yanaizuia hoja ya makala haya isiende mbali kupita kiasi. *Utengano* (1980) ni riwaya ya kihalisia, iliyosomwa na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya na kupendwa na vijana ambao hawakuwa na habari yoyote ya nadharia. Iliandikwa na mtu huyohuyo ambaye miaka 21 baadaye alitoa *Babu Alipofufuka*, ambamo mzuka wa babu unamwandama mjukuu aliyeneemeka kwa utawala mbovu. Chuo, basi, hakilazimishi umbo. Kinaongeza maumbo yaliyo karibu na mkono wa mwandishi, na baadhi ya waandishi huchukua muda mrefu kabla ya kuyagusa.

Kitabu chake *Kunga za Nathari ya Kiswahili* (1995) kinastahili kutajwa hapa kwa sababu nyingine. Ni mwongozo unaofafanua riwaya, tamthilia na hadithi fupi, ulioandikwa na mtu aliyezitunga zote tatu. Mulokozi na Kahigi walikuwa wametangulia kwa *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*, ambayo kichwa chake kinakiri kila kitu: kanuni na mashairi ya watunga kanuni ndani ya jalada moja. Kezilahabi naye, katika utangulizi wa *Kichomi* (1974), aliutetea ushairi usiofungwa na vina kabla msomaji hajaufikia. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka hiyo, wapinzani wa mashairi huru waliwashutumu vijana wa Mlimani kwa usomi wao kuliko walivyowashutumu kwa mashairi yao, na jambo hilo lina mantiki. Mshairi anayekuja na shairi na kanuni ya kulihukumu kwa wakati mmoja amekuja na zaidi ya shairi.

Mtindo huu umefika mbali zaidi kwa Wamitila. Mwaka 2002 kampuni moja ya Nairobi, Phoenix, ilichapisha *Bina-Adamu!* na *Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake*, vyote viwili vya mwandishi huyo. Mwaka uliofuata zilitoka *Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia* na *Kichocheo cha Fasihi*. Ni kazi ya kutisha kwa wingi wake, na hakuna mtafiti wa fasihi ya Kiswahili leo ambaye hana deni kwa kamusi ile. Ila tazama matokeo yake kwa msomaji wa *Bina-Adamu!*. Riwaya inamfuata mhusika anayezunguka mabara akimsaka P.P. anayeishikilia dunia; njiani anapitia vijisehemu vya hadithi zilizokwisha kusimuliwa na wengine, akiongozwa na sauti ya mwanamke aitwaye Hanna. Mwanafunzi anaketi na riwaya upande mmoja na kamusi upande wa pili. Anakuta mwingilianomatini, anaipa jina, anatoa mifano mitatu, anapata alama. Jina na kitu vimetoka kwa mkono mmoja. Hakuna kosa la kimaadili hapo, wala mwandishi hawezi kulaumiwa kwa kuwa na bidii. Tatizo ni la uhakiki: matini haikupata nafasi ya kumpinga msomaji wake. Zipo sehemu za *Bina-Adamu!* zenye nguvu, hasa pale hasira dhidi ya utandawazi inapokuwa kichekesho, na zipo sehemu zinazosomeka kama mfano ulioandaliwa kwa ajili ya istilahi. Tasnifu nyingi huzishangilia hizi za pili, kwa kuwa ndizo zinazochambulika kwa urahisi.

*Nagona*, kwa kulinganisha, imebaki ngumu kwa walimu pia. Kezilahabi alikuwa na nadharia kama Wamitila, lakini hakuacha kamusi ya kuifungulia riwaya yake. Tasnifu ya Madison yenyewe inakataa kuwa ufunguo, kwa sababu inachokipinga ni wazo kwamba kuna ufunguo unaokaa nje ya kitu. Mtafiti anayeitumia kama orodha ya maana za mafumbo ya *Nagona* anaisoma kinyume na inavyotaka kusomwa. Katika ushahidi uliopo, hii ndiyo tofauti ya maana kati ya walimu wawili: mmoja alipeleka riwayani alichokuwa akikifahamu, mwingine alipeleka alichokuwa akikitilia shaka.

Inabaki miaka ya mwisho. Katikati ya miaka ya 1990 Kezilahabi alihamia Chuo Kikuu cha Botswana na kufundisha huko, katika nchi ambayo Kiswahili si lugha ya mitaani wala ya ukumbini. Hakuchapisha riwaya nyingine baada ya *Mzingile* hadi alipofariki Januari 2020. Ilitoka diwani moja, *Dhifa* (2008), miaka 20 baada ya *Karibu Ndani*, na ikachapishwa Nairobi na Vide-Muwa, kampuni iliyokuwa imeitoa *Musaleo!* ya Wamitila mwaka 2004. Inaweza kusemwa kwamba alikuwa amemaliza aliyokuwa nayo katika nathari, na hakuna wa kulipinga hilo kwa uhakika. Lakini riwaya zake zote ziliandikwa na kutoka katika miaka ambayo alikuwa na wasomaji wa Kiswahili waliokuwa mbele yake au wakimngoja arudi: kwanza wanafunzi wenzake, kisha wanafunzi wake. Gaborone alikuwa na mshahara, ofisi na maktaba. Hakuwa na darasa linaloweza kubishana naye kwa lugha aliyoitungia. Shairi humvumilia mtunzi aliye peke yake kwa urahisi zaidi kuliko riwaya, na *Dhifa* ni mashairi.

Dhana hii inaweza kupimwa, na nyenzo za kuipimia ziko karibu kuliko inavyodhaniwa: mihutasari ya kozi, karatasi za mitihani ya zamani, orodha za tasnifu zilizosimamiwa na waandishi hawa na majina ya waliosimamiwa. Hazijahesabiwa kuwa nyaraka za fasihi, kwa hiyo hazihifadhiwi kama nyaraka za fasihi. Ya kuanzia ingeweza kuwa ile ya mwaka 1976, ambayo Kezilahabi aliiwasilisha Dar es Salaam kwa ajili ya shahada ya uzamili, *Shaaban Robert: Mwandishi wa Riwaya*. Ndani yake mhadhiri kijana, mwenye riwaya tatu tayari, anamsoma karani wa forodha na kumpima kwa vigezo vya darasa. Tofauti na ile ya mwaka 1985, jina lake ni la Kiswahili.